Baada ya Ila

Msikizi alimwamkia Bi Somoe Mtipa kabla hajakaa sawasawa kitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bi Somoe akageuka huku na huko kumtafuta huyo mwana mwenye adabu. Binti yake, Mwanahawa, akamwonesha bangili nyeupe aliyovishwa mkononi. Sauti ilitoka humo.

"Hujambo?"

"Sijambo, namshukuru Mungu. Hujambo wewe? Watu wa kwako hawajambo?"

"Ahsante, bibi. Tumekuelewa."

Bangili ikageuka kijani. Bi Somoe bado alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kuambiwa habari za watu wa Msikizi, waliolala salama na walioamka na mafua.

"Kijani ni nini?" akauliza.

"Ni kungoja, mama," Mwanahawa akasema. "Kijani ni wewe mzima, ungoje."

Kwenye kiti cha pili yake alikaa kijana mwenye viatu vyekundu. Yeye hakungoja kuamkiwa. "Tumbo! Tumbo linanikata, jamani nakufa!" Bangili yake ikawaka nyekundu papo hapo, na wahudumu wawili wakaja mbio na kitanda cha magurudumu.

"Masikini, mpisheni mtoto wa watu," Bi Somoe akasema. Akauvuta mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, kama mtu anayesogeza mzigo wa jirani, ili kitanda kipite.

Msichana mmoja wa ofisini, Sikudhani Ng'itu, aliyaona hayo akiwa amesimama kando ya nguzo, daftari kifuani. Alikuwa ameteremka ukumbini asubuhi ile kwa sababu ya malalamiko yaliyokuwa yamejaa mezani kwake, na alitaka kuona kwa macho. Kitanda kilipopita kikaipeperusha khanga iliyoufunika mguu wa Bi Somoe. Ndipo pua ikamwambia yale ambayo bangili haikuyasema. Ilikuwa harufu tamu, nzito, ya papai lililosahaulika kabatini.

Akapiga magoti. "Shikamoo, bibi. Naomba niutazame mguu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usijisumbue. Ni kidonda tu."

Alipoifunua khanga, Mwanahawa akageuza uso. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi kama makaa.

"Bibi, hiki kina muda gani?"

"Tangu mwezi wa mfungo. Lakini hakiumi. Ni sukari hii, imeutia mguu ganzi."

Sikudhani akamwita Nesi Bupe, mkuu wa zamu, ambaye alitazama mara moja tu, akang'oa bangili ya kijani kwa mkono wake na kumvisha nyekundu. Nusu saa baadaye kijana wa viatu vyekundu alitoka akitembea, mkononi ana vidonge vya gesi. Akauambia Ukuta wa Maoni uliokuwa mlangoni ukinasa sauti za wanaotoka: "Hospitali kama hii hakuna! Dakika tano nimehudumiwa!"

*

Hospitali ya Jiji ya Mtomkavu ilikuwa na viti kumi na viwili vya kusikilizwa, na Msikizi aliweza kuwasikiliza wote kumi na wawili kwa pamoja. Mgonjwa alikaa, akavishwa bangili, akaulizwa, akajibu, akapewa rangi. Dakika mbili, basi. Watu mia sita kwa siku walipita hivyo, na madaktari walikuwa tisa. Kabla ya Msikizi watu walikuwa wakilala kwenye sakafu ya ukumbi kusubiri kuandikwa majina. Hilo Sikudhani alilikumbuka vizuri. Mjomba wake aliandikwa jina akiwa ameshakata roho.

Ndiyo maana alipoitwa, msichana mwenye stashahada ya lugha na ulimi usioogopa wakubwa, kuja kumfundisha Msikizi Kiswahili, alikuja kwa moyo wote. Akagombana na kila mtu. Wahandisi walitaka chombo kiulize, "Tatizo lako ni nini?" Sikudhani akawauliza kama na wao huingia nyumbani kwa wakwe zao na kuuliza hivyo. Akawashinda. Msikizi akafundishwa kuamkia, akajua "shikamoo" ya mkubwa na "mambo" ya rika, akajua kuuliza "hujambo". Magazeti yakaandika kwamba jijini kuna mashine yenye adabu kuliko makarani.

Sasa, miaka mitatu baadaye, alikaa ofisini kwake ghorofa ya tatu akiusikiliza Ukuta wa Maoni wa mwezi mzima.

"Nimeingia saa mbili, saa mbili na nusu nimeshachomwa sindano. Hongereni."

"Manesi wanacheka na wagonjwa, Mungu awabariki."

"Baba yangu amekaa kijani kama mgomba kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na pumu imembana. Hivi mna macho nyie?"

"Mimi sina neno. Tunashukuru."

"Tunashukuru, wanangu."

"Mama yetu mmemrudisha nyumbani mzima, akafa Alhamisi."

Hiyo ya mwisho aliirudia mara mbili. Kisha akazipanga sauti zote kwa umri, na kikombe cha chai kikapoa mkononi. Waliosifu kwa furaha walikuwa vijana. Waliolaani walikuwa watoto wa wazee. Wazee wenyewe, karibu wote, walikuwa wameshukuru.

Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Waliomtengeneza Msikizi huko ng'ambo alikotoka walikuwa wamegundua kwamba jibu la kwanza la mgonjwa ndilo la kweli zaidi, kwa kuwa halijachujwa na woga wala aibu. Kwa hiyo jibu la kwanza lilibeba uzito zaidi kuliko yote yaliyofuata. Bangili ilipima pia joto na mapigo ya moyo, lakini mguu uliokufa ganzi haukimbizi moyo. Huko kwao, pengine, neno la kwanza la mgonjwa ni "naumwa". Sikudhani ndiye aliyeweka "hujambo" mbele ya yote. Na tangu lini mtu aliyelelewa akaulizwa hujambo akajibu kitu kingine? Mtu anaweza kuwa ameshikwa mabega na wawili, jasho linamtiririka, na bado akajibu sijambo, kwa sababu hakuulizwa ugonjwa, amesalimiwa.

Mashine ilikuwa imewaamini wazee neno kwa neno, kwa adabu yote aliyoifundisha yeye.

Kabla ya saa kumi alikuwa amekwenda kwa Dokta Lwitiko Mwasomola, mganga mkuu, na kupata ruhusa ya kukigusa kile walichokiita kipimo cha shaka. Kwa kila mwenye umri wa miaka sitini na zaidi akakipandisha kutoka sifuri hadi saba. Ili Msikizi ajue namna ya kutilia shaka, akamlisha mazungumzo elfu ishirini ya watu wakikaribishana majumbani: mgeni anasema nimeshiba, anabembelezwa, anakula sahani mbili, mwingine anasema msijisumbue, na wenyeji wanajua kwamba hapo ndipo pa kujisumbua. Neno la heshima si neno la mwisho, ndilo somo.

Somo likaingia. Kesho yake mzee aliyejibu "salama tu" alipewa nyekundu, na kweli moyo wake ulikutwa umechoka. Wiki nzima Ukuta wa Maoni ulijaa sifa. Sikudhani akalala usingizi.

*

Siku ya nane Nesi Bupe alimpigia simu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo yalikuwa machache zaidi.

"Sikudhani mdogo wangu, njoo wodi ya tano. Njoo sasa."

Alimkuta amesimama mbele ya skrini ya Msikizi iliyokuwa kichwani pa kitanda. Bi Somoe alikuwa amelala, kinywa wazi. Mwanahawa alikuwa ameenda kununua machungwa.

"Soma," Bupe akasema.

Sikudhani akasoma. *Mgonjwa ameelezwa kuwa mguu wa kushoto unahitaji kukatwa chini ya goti. Mgonjwa amekubali. Chumba cha upasuaji, leo saa nane mchana.*

"Sasa?"

"Sasa mimi nilikuwa pale nabadilisha shuka. Msikizi kamuuliza, 'Bibi, unakubali?' Bibi kasema, 'Sitaki, mwanangu. Nashukuru.' Kwa masikio yangu haya."

Sikudhani akaifungua kumbukumbu ya sauti. Ilikuwa hivyo hivyo, sauti ya upole ya bibi anayekataa kikombe cha pili cha kahawa. Chini yake Msikizi alikuwa ameandika sababu za uamuzi wake: *kukataa kwa heshima, namna ya mgeni; shaka saba; maana: anakubali.*

Akamgeukia Bupe.

"Hawa madaktari hawatamuuliza tena?"

"Wakati gani? Watafungua karatasi, wataona amekubali, watakata. Bibi ataamka hana mguu, na kwa malezi yake atasema nashukuru." Bupe akamtazama. "Wewe ndiye uliyeiweka hiyo shaka. Iondoe."

"Nikiiondoa, wazee wote wa ukumbini wanarudi kijani. Leo hii hii."

"Najua," Bupe akasema. "Mimi ndiye niliyewaosha wale waliokufa."

*

Dokta Lwitiko alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, na mezani kwake kulikuwa na bakuli la karanga na picha za majengo mapya.

"Akibaki na mguu ule?" akauliza.

"Daktari wa wodi anasema wiki mbili. Sumu itapanda."

"Basi Msikizi anamwokoa."

"Anamnyang'anya neno lake, dokta."

"Neno lipi? Wiki iliyopita ulisimama hapo hapo ukaniambia maneno ya wazee hayaaminiki. Nikakuamini. Leo umekuja kuniambia yaaminiwe." Hakusema kwa ukali. "Chagua moja. Ama mtu anaposema sijambo tunamwamini, afe kwa heshima zake. Ama hatumwamini, na akisema sitaki pia hatumwamini. Huwezi kuwa na shaka ya asubuhi na imani ya jioni. Mficha uchi hazai, Sikudhani. Mtu akificha ugonjwa, sisi tufanyeje?"

Sikudhani akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasorobo.

"Naomba niende nikamuulize mwenyewe."

"Kamuulize. Kipimo ni cha kwako, saini ni ya kwako. Lakini saa nane nitahitaji jibu moja, na liwe la wazee wote."

*

Bi Somoe alikuwa ameamka. Mwanahawa alikuwa akimmenyea chungwa, na maganda yalitoka kama uzi mmoja mrefu hadi mapajani. Sikudhani akaizima bangili, akavuta kigoda, akakaa chini kuliko kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye wewe uliyepiga magoti siku ile. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi hujambo?"

"Sijambo, namshukuru Mungu. Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo. Wapo Nachingwea, wanalima."

"Mume hajambo?"

"Sina, bibi."

"Huyu ana ulimi, mama," Mwanahawa akasema. "Wanaume wanamkimbia. Manesi wamenihadithia."

"Waache wakimbie, wasio na mbio watabaki," Bi Somoe akasema, na wote watatu wakacheka. "Nyumba yako haivuji? Maana mvua za juzi…"

"Haivuji. Bibi umelalaje?"

"Nimelala salama kabisa." Akapokea kipande cha chungwa, akakitafuna, akaitema mbegu kiganjani. "Salama salimini. Ila kile kidole kikubwa kinawasha. Mguu umekufa, kidole kinawasha! Umeona maajabu hayo?"

Sikudhani alikuwa ameshafungua kinywa kuuliza swali la pili, akakifunga.

Ila.

Mama yake alisema hivyo. Bibi zake walisema hivyo. Hajambo, salama, wazima wote, nyumba haivuji, na baada ya hayo yote, watu wakishakaa vizuri na mlango wa maneno ukishafunguka, ndipo linapokuja: *ila*. Ila mtoto wa kaka ametuacha. Ila kifua hiki. Mtu hakuwa akificha kitu. Alikuwa anafuata njia, na ugonjwa una nafasi yake njiani, mbele kidogo ya salamu. Msikizi alikuwa akiwaambia "tumekuelewa" na kuwafungia mlango wakiwa bado kwenye kizingiti. Shaka haikuwa dawa ya hilo. Shaka ilikuwa kumsukuma mtu ndani kwa nguvu.

Akasogeza kigoda karibu na kitanda.

"Bibi, madaktari wanataka kuukata mguu."

"Wameniambia. Sitaki, mwanangu. Nashukuru."

Sikudhani hakubembeleza, wala hakusema haya basi. Akakaa. Mwanahawa akataka kusema neno, akamzuia kwa mkono. Nje ya dirisha, nyuma ya jengo la maabara, dohani ndefu ya tanuri la hospitali ilikuwa ikitoa moshi mwembamba. Bi Somoe aliutazama moshi ule. Dakika ikapita. Ya pili ikapita, zile dakika mbili za Msikizi zikaisha. Chungwa likaisha. Mahali fulani wodini mtu alikohoa, akaacha.

Dakika ya tano ikaingia.

"Ila," Bi Somoe akasema.

"Naam, bibi."

"Yule mama wa kitanda cha pili amekatwa mkono. Nikamuuliza mkono umezikwa wapi. Akasema hajui, nesi mmoja kamwambia vinachomwa kule." Akanyoosha kidevu kuelekea dirishani. "Mimi mguu huu umenitembeza miaka sabini na moja. Umenipeleka kujifungua, umenipeleka kumzika mume wangu. Mimi nizikwe na udongo, wenyewe uchomwe na taka? Nitajibu nini nikiulizwa uko wapi?" Akasafisha koo. "Ukizikwa, kateni. Kama ni kuchomwa, niacheni niondoke nao mzima."

"Mama!" Mwanahawa akasema. "Siku nane hizi mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia. Mtu anayelia haambiwi neno zito."

*

Dokta Lwitiko alikuja wodini mwenyewe, jambo lililowafanya manesi wanyooshe vilemba. Sikudhani alikuwa amemweleza njiani kwa sentensi tano. Shaka irudi sifuri. Badala yake Msikizi afundishwe kungoja: amjibu mzee habari za watu wa kwake, asiseme tumekuelewa, anyamaze, hadi ila ije au ijulikane kuwa haiji. Na asiyetaka, akishangojewa na ila isije, sitaki yake isimame.

"Dakika sita kwa kila mzee," Dokta alikuwa amesema kwenye ngazi. "Viti ni kumi na viwili. Unajua maana yake? Foleni itafika getini. Yule mwenye tumbo atapiga kelele, na safari nyingine litakuwa tumbo la kweli."

"Najua."

"Na ukuta wako wa maoni utatutukana."

"Utatutukana, dokta. Sitakudanganya kuwa hautatutukana."

Sasa alisimama pembeni ya kitanda, mikono kwenye mifuko ya koti jeupe.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye mkubwa wa hapa. Nimeambiwa habari ya mguu. Kanuni yetu ni kwamba kila kinachokatwa kinakwenda tanurini, kwa ajili ya kinga. Lakini kanuni hiyo niliiandika mimi. Mguu wako utasafishwa, utafungwa sanda, atakabidhiwa binti yako kwa mkono, na karatasi nitaisaini mimi."

"Marahaba, baba. Mungu akuzidishie." Bi Somoe akamtazama vizuri, kuanzia miwani hadi viatu. "Hujambo lakini?"

"Sijambo, bibi. Ahsante."

Dokta alikuwa ameshageuka kuondoka. Lakini bibi hakumwachia. Alikuwa amemshika kiganja, na alikuwa kimya, uso umeinamishwa kidogo upande mmoja, kama mtu anayengoja kuletewa kitu ambacho anajua kipo ndani. Sikudhani akatazama sakafu. Nesi Bupe akaacha kukunja shuka. Saa ya wodi ilisema saa saba na dakika ishirini, na mganga mkuu wa hospitali ya watu mia sita kwa siku alisimama pale, ameshikwa mkono.

"Ila…" akasema, kisha akakohoa. "Ila nimechoka, bibi. Mwaka wa nne huu natia saini majengo. Mama yangu alifia hapa chini, kwenye kiti namba saba, na bangili ya kijani. Sijamwambia mtu."

Bi Somoe akakipigapiga kile kiganja mara mbili, taratibu.

"Pole, baba," akasema. "Pole sana. Kaa kidogo."

Akakaa. Sikudhani akamwekea karatasi ya Msikizi magotini, ile yenye dakika sita, na Dokta akaisaini bila kuisoma mara ya pili. Kisha akasaini ile ya mguu.

Bi Somoe akaiangalia saa, akamwomba Mwanahawa amfunge khanga kichwani vizuri, asiingie mbele za watu ovyo.

"Haya," akasema. "Sasa nikateni."